Daftari la Kipa wa Akiba

Mimi ni kipa wa akiba, na mwandiko wangu ni mzuri;
kwa hayo mawili nikakabidhiwa daftari.
Nilimwapia Mwalimu Lumbasi, anayefundisha kuchomelea vyuma,
kwamba nitaandika kilichotokea, si tulichotaka.

Januari. Uwanja wa chuo, hapa Shianda, una mteremko.
Kipindi cha kwanza tunapanda. Cha pili tunateremka na mpira
hadi karibu na sufuria za jikoni.
Jezi kumi na sita, zimehesabiwa. Nyavu hatuna:
bao likiingia, mpira huenda kumsumbua ng'ombe wa mlinzi.

Siaya walitufunga tatu bila.
Luanda tulitoka sare, mvua ikituchezea upande wetu.
Kisha Wepukhulu akaamka.

Sijui nilieleze vipi. Goti lake moja limepinda ndani kidogo;
beki akilishangaa goti hilo, mpira umeshapita na lile jingine.
Butere, mawili. Bondo, moja la kichwa, macho kayafumba
(alikiri mwenyewe, nami nikaandika: *macho kayafumba*).
Malava, matatu, na mpishi wetu Mama Nekoye
akarusha mwiko juu, ukarudi na majani ya mkaratusi.

Jioni, wenzetu wakienda kuoga, alinibakiza golini.
"Simama, Imbwaga, nikupige penalti."
Hamsini kwa jioni moja, mpaka mpira ukawa sauti tu gizani.
Bega lake likiinama huku, mpira unakwenda kule.
Nililijua hilo, na bado sikudaka hata sita.

Mei. Karani wa karo alisimama langoni na orodha.
Walioitwa walitoka na magodoro yao.
Tulichanga: mia, hamsini, Obunga akauza raba zake za Jumapili.
Tukapata elfu tatu na mia mbili.
Deni lilikuwa elfu ishirini na saba.
Daftari lina safu ya mabao, ya kadi, ya majeruhi.
Ya karo haikuwepo. Niliichora kwa rula.

Bila yeye tulifungwa Ugunja, tukafungwa Khwisero,
tukafungwa nyumbani, tukiteremka.

Jumamosi alikuwa akija kutoka mashamba ya miwa,
mikono imechanjwachanjwa na majani,
anasimama nje ya ua wa michongoma.
Tulimwita aingie. Akasema anaona vizuri kutoka pale.

Mechi ya mwisho. Sare ingetosha kutubakiza ligini.
Dakika ya themanini na mbili Obunga akavunjika kidole.
Mwalimu aligeuka kulitazama benchi.
Benchi lilikuwa mimi.

Dakika ya tisini, penalti, ya kwao.
Mpigaji aliinamisha bega.
Nikasikia nje ya ua mtu akikohoa mara moja, kikohozi ninachokijua,
nikaruka kinyume cha bega, na nikaugusa!
Kwa ncha za vidole viwili niliugusa,
ukagonga mlingoti, ukarudi, ukanipiga mgongoni,
ukaingia polepole
kama mgeni anayevua viatu kwanza.

Usiku ule niliandika: *Dk. 90. Imbwaga, kajifunga.*
Nikakausha wino kwa pumzi. Tulishuka daraja.

Ijumaa mtunza stoo alihesabu jezi. Kumi na tano.
"Tisa iko wapi?"
Nilifungua daftari mbele yake, nikaandika: *imepotea*.
Ndilo neno pekee la uongo mle ndani. Kasome, utaona.

Maana asubuhi hiyo hiyo, kwenye barabara ya Mumias,
trekta la miwa lilinipita likilia,
na juu kabisa ya mzigo mtu amelala kifudifudi,
usingizi wa mchana wa mtu aliyekata tangu saa kumi,
na mgongoni tisa nyeupe
inapanda kilima, inashuka.